Chupa ya Bei Nafuu Haikumdanganya Mtu

Mpaka leo, mtu akisema mbele yangu kwamba wiski ya bei nafuu ni wiski ya wezi, damu inanichemka. Si kwamba naipenda wiski. Nainywa kwa nadra, na nikinywa naijaza maji mpaka wenzangu wananicheka. Nachemka kwa sababu nilimwona mtu mwema akifukuzwa Doha kwa tuhuma ya kuiba pombe ambayo hakuwahi hata kuionja, na yule aliyefanya huo wizi akaagwa kwa keki.

Nilifika Doha miaka ile ambayo kila ukiinua macho unaona winchi, na kila ukifuta meza, vumbi linarudi kabla hujakunja kitambaa. Nilikuwa nimetoka Nakuru nikiwa mhudumu wa mkahawa, na baada ya muda hoteli ikanihamishia kwenye kaunta ya baa. Haikuwa hoteli kubwa kama zile za West Bay zinazopigwa picha. Ilikuwa ya kampuni yenye hoteli katika nchi kadhaa, na wageni wake wengi walikuwa wahandisi, walimu wa shule za kigeni na watu wa ofisini.

Kwa asiyejua mambo ya huko, pombe haiuzwi dukani. Utaingia supamaketi kubwa kuliko uwanja wa mpira, utapata mchele wa aina zote na jibini ya kila nchi, lakini chupa ya wiski hutaiona. Mgeni mwenye kibali maalumu alikuwa na mahali pake pa kununua. Wengine walikuja kwetu hotelini, mlinzi akakagua vitambulisho vyao mlangoni, kisha wakalipa bei ya kutoa machozi kwa kinywaji kinachofunika kitako cha glasi.

Mkuu wa kaunta yetu alikuwa Mganda wa Jinja, mwanamume mrefu, mtaratibu, mwenye sauti ya kwaya. Alikuwa mlokole. Pombe alikuwa haitii mdomoni, na alikuwa hafichi jambo hilo. Kazi ya kaunta aliisomea Kampala kama mwingine anavyosomea useremala, na aliifanya kwa usafi uliowafanya wageni wampende. Akitaka kujua kama mvinyo umeharibika, aliunusa tu. Aliniita nyabo, kama wanavyomwita kwao mwanamke wanayemheshimu, nami nikamwita kaka.

Ijumaa, ambayo huko ndiyo siku ya mapumziko na ya ibada kwa wote, sisi Wakristo tuliokuwa zamu ya mchana tulipanda gari mapema kutoka hosteli yetu Muaither tukawahi ibada ya kwanza Mesaimeer, eneo walilotenga kwa makanisa. Yeye aliimba kwaya, tena kwa nguvu zote, kisha tukakimbilia kazini akiwa amevaa ile sare nyeusi chini ya koti lake la kanisani. Siku moja nilimuuliza kama haoni vibaya kutoka kwenye nyimbo za sifa kwenda kumimina wiski.

"Mimi simlazimishi mtu kunywa, nyabo," alisema. "Kazi yangu ni kuhakikisha anayekunywa anapata kile alichoomba. Hata hiyo ni haki."

Mgeni niliyempenda kuliko wote alikuwa mama mmoja wa Uskoti. Umri wake ulikaribia wa mama yangu, nywele alizikata fupi kama mwanajeshi, na mkoba wake haukukosa pakiti za biskuti zisizo na maandishi. Alikuwa ameajiriwa na kampuni moja ya supamaketi pale Doha kuwachagulia bidhaa za chapa yao wenyewe: biskuti, majani ya chai, mafuta ya kupikia, vitu ambavyo duka linawaagiza wengine watengeneze, kisha linabandika jina lake. Jioni alikuja kaunta, akavua viatu vyake chini ya kiti akidhani hatuoni, akaagiza wiski ya nyumba.

Wiski ya nyumba ilikuwa ni ile ya chapa ya hoteli yetu. Kampuni iliagiza iandikwe jina la bonde fulani na kuchorwa paa dume mwenye pembe. Sisi wafanyakazi tuliidharau. Tuliiweka rafu ya chini, mbali na taa, na tulimpa mgeni aliyesema "yoyote tu."

Jioni ya kwanza nilijaribu kumsaidia. "Madam, tunazo nzuri kuliko hiyo."

"Nzuri kwa nani?" aliuliza.

Akacheka, akaniambia niigeuze chupa nisome maandishi madogo ya nyuma. Nikasoma. Akasema, "Haya, sasa unajua iliwekwa kwenye chupa na kina nani. Mimi nimenunua mzigo wa watu hao hao miaka mingi."

Ndipo nikajua kwamba kabla ya biskuti za Doha alikuwa mnunuzi wa vinywaji wa maduka ya vyakula huko kwao. Kwao wiski iko rafuni kando ya sukari na sabuni, na kila duka kubwa lina yake, yenye jina la duka au jina la bonde ambalo pengine halipo kwenye ramani. Nilimuuliza inatoka wapi, kwa kuwa duka la kuuza nyanya halina kiwanda cha wiski. Basi akanieleza, jioni baada ya jioni, huku kaka akifuta glasi na kusikiliza.

Alisema viwanda hutengeneza wiski nyingi kuliko wanayoweza kuiuza kwa majina yao. Ile ya ziada hukaa ghalani kwenye mapipa ya mwaloni, na sheria ya kwao haiulizi pipa ni la nani: lazima ikae Uskoti, ndani ya mwaloni, si chini ya miaka mitatu, na isipunguzwe nguvu kupita kiwango. Wachanganyaji huyanunua mapipa hayo. Mnunuzi wa duka anawaendea na kuwaambia, nataka wiski laini, yenye moshi kidogo, na bei yangu ya juu ni hii. Wanamletea chupa ndogo ndogo zenye namba tu. Anaonja, anatema, anarudisha, anabishana, mpaka wanakubaliana.

"Na jina la kiwanda?" kaka aliuliza.

"Halitajwi. Liko kwenye mkataba. Wengine wakiuza pipa lao zuri, wanatia kijiko kimoja cha wiski ya kiwanda kingine, ili asitokee mtu akaiuza kwa jina lao."

"Kijiko kimoja?"

"Kijiko kimoja. Kwenye pipa zima. Huwezi kukionja, lakini jina limeshakufa."

Kaka alitikisa kichwa akacheka mpaka akaweka glasi chini. Lakini mimi nilibaki na swali la bei. Yule mama akasema hakuna miujiza. Duka halilipii matangazo, halimlipi mwanariadha ashike chupa, na halikodi rafu kwa sababu rafu ni yake. Linanunua mzigo mkubwa kwa mkupuo, na kioo cha chupa ni chepesi. "Mtu maskini wa kwetu," alisema, "akitaka kumpa baba yake wiski ya sikukuu, anakwenda dukani ananunua hiyo, na ni Skochi halali kama ya tajiri. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya nikiwa najivunia."

Tangu hapo niliipandisha ile chupa rafu moja juu. Hakuna aliyeniuliza.

Kisha tukaletewa meneja mpya wa vinywaji. Alikuwa kijana, nadhifu, mwenye tabasamu la picha, na wakubwa walimsifu kabla hajafanya lolote. Jambo lake la kwanza lilikuwa chupa. Zamani mtunza stoo, Mtanzania wa Tanga, alitukabidhi chupa zikiwa zimefungwa, nasi tukazifungua kaunta mbele ya mgeni. Meneja akasema kuanzia sasa chupa zote za bei kubwa zitapita ofisini kwake kwanza, azipime, azitie kifuniko cha kumiminia, ndipo zije kwetu. Sababu aliyotupa ilikuwa kuzuia wizi.

"Wizi wa nani?" nilimuuliza kaka, meneja alipoondoka.

"Wetu," alisema. Sikuwahi kumwona amekasirika kabla ya siku ile. Alijifunga aproni taratibu, akaifungua, akaifunga tena.

Tuliendelea. Wageni walikunywa, wakalipa, wakatoa bakshishi. Wapo waliosema ile wiski maarufu, yenye jina linalojulikana hadi kijijini, siku hizi imelainika. Tulidhani ni sifa.

Ijumaa mchana hoteli zote za Doha zilikuwa na ule mlo mrefu ambao wageni waliuita branchi: meza ya vyakula inayopanda na kushuka kama barabara, na vinywaji juu yake. Ijumaa moja yule mama wa Uskoti alikuja na wenzake wa kazini kusherehekea kufunguliwa kwa duka lao jipya. Wenzake hawakutaka kusikia habari ya wiski ya nyumba. Bosi wao, bwana mmoja mnene mwenye furaha, aliagiza ile maarufu kwa meza nzima, akisema leo hakuna ubahili. Kaka alimimina, mimi nikapeleka trei.

Yule mama alinusa glasi yake. Hakunywa. Alinusa tena, akaionja kidogo, akaniangalia.

"Niletee ya nyumba," alisema kwa sauti ya chini. "Kidogo tu. Na glasi tupu mbili."

Nilimletea. Akamimina hii huku na ile huku, akanipa glasi zote mbili. "Nusa."

Mimi si mjuzi, lakini hata pua yangu ya Nakuru iliona hakuna tofauti. Ni kitu kimoja. Harufu ileile ya biskuti na moshi wa mbali ambayo nilikuwa nimeizoea kwenye chupa ya paa dume. Nilimtazama kaka pale kaunta, akanitazama, naye akainua ile chupa ya wiski maarufu akaifungua na kuinusa mwenyewe. Niliona uso wake ukibadilika.

Meneja alifika akiwa na tabasamu lake. Yule mama alimweleza bila kupiga kelele kwamba kilichomo ndani ya chupa ile si kilichoandikwa nje. Tabasamu halikutetereka. Alichukua chupa, akaishika juu kwenye mwanga, kisha akamgeukia kaka mbele ya meza nzima.

"Unaona sasa kwa nini nilianza kuzipima?" alisema. "Nilijua kuna mtu kaunta anakunywa na kujazia."

Anakunywa! Mtu ambaye hata dawa ya kikohozi aliisoma kwanza kama ina kilevi.

"Huyu hanywi," nilisema.

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna. Nasema tu. Huyu hanywi, na chupa hizi zinatoka kwako zimefunguliwa."

Meneja aliniambia kwa upole niende jikoni. Sikwenda. Nilisimama palepale na trei kifuani kama ngao mpaka msimamizi wa ukumbi alipokuja kunishika kiwiko.

Kesho yake kaka aliitwa idara ya wafanyakazi. Nami nilikwenda bila kuitwa, nikakaa nje kwenye benchi, na mlango ulipofunguliwa nikaingia. Ndani alikuwapo mkuu wa idara, mwanamke mwenye sauti ya kubembeleza. Meneja mkuu wa hoteli, ambaye hakutoa macho kwenye simu yake. Na yule meneja wa vinywaji. Karatasi ya kujiuzulu ilikuwa tayari mezani na kalamu juu yake. Pasipoti ya kaka ilikuwa pembeni, ingawa aliambiwa siku zote kwamba wanamtunzia tu.

"Ukisaini, hatuiti polisi," mkuu wa idara alisema. "Kesi ya wizi wa pombe katika nchi hii, unaelewa mwenyewe."

Alielewa. Sote tulielewa. Neno lile "pombe" mbele ya polisi, mdomoni mwa mfanyakazi wa kigeni, nani angesubiri kusikiliza mengine?

"Nipimeni," kaka alisema. "Nipelekeni hospitali mnipime damu. Muulizeni mchungaji. Muulizeni mtu yeyote ninayelala naye chumba kimoja."

"Hatuna haja ya kufika huko," mkuu wa idara akasema.

Niliomba aitwe mtunza stoo. Walikataa. Nikasema basi nitamwita mimi, nikatoka, nikashuka ngazi mbio. Yule kaka wa Tanga alikuwa amekaa juu ya kreti, amevaa glovu zake. Alikuwa Mwislamu wa sala tano na kazi ya kubeba pombe aliifanya kwa glovu siku zote, akisema riziki haimruhusu kuchagua, lakini ngozi yake itachagua. Nilimweleza yote.

"Dada, mimi nina watoto wanne," alisema.

"Najua."

"Na mkataba wangu unaisha mwaka huu. Wao ndio wa kuamua."

"Najua pia. Siwezi kukulazimisha."

Alivua glovu, akazikunja, akaziweka juu ya kreti. "Twende," alisema, "kabla sijafikiri sana."

Aliingia ofisini akasalimia, akasimama wima. Alisema chupa zikitoka kwake zinakuwa zimefungwa, zinakwenda ofisini kwa bosi, na humo ofisini aliingia mara kadhaa akakuta kreti za wiski ya nyumba ambazo hakuna baa iliyoziomba. Alisema aliwahi kuona faneli, ile ya kumiminia kwenye chupa, mezani. Hakuongeza neno wala hakumtazama meneja.

Nilidhani imekwisha. Nilidhani sasa watageuka. Jamani, nilikuwa mjinga kiasi gani! Meneja mkuu aliweka simu chini kwa mara ya kwanza, akamshukuru mtunza stoo, akatuomba tutoke. Alasiri kaka aliitwa tena peke yake, na mambo yakawa hivi: neno wizi limeondolewa, lakini mgeni amelalamika mbele ya watu na mkuu wa kaunta ndiye anayebeba dhamana ya kaunta. Atakwenda kwao na barua safi. Hawakumtaja yule mwingine hata kidogo.

Yule mama wa Uskoti alipopata habari alikuja hotelini na viatu vyake vyote miguuni, akapanda moja kwa moja hadi kwa meneja mkuu. Sikusikia waliyozungumza. Aliposhuka, shingo yake ilikuwa nyekundu.

"Miaka yangu yote nimewauzia watu wiski ya bei nafuu," aliniambia, "na sikuwahi kubandika jina la mtu mwingine juu yake. Hawa wameichukua kazi ya watu waaminifu wakaifanya uongo."

Alikuwa amefanya zaidi ya kukasirika. Aliomba kampuni yake impe kaka kazi katika duka jipya, na bosi wake mnene, yule aliyenunua wiski ya uongo kwa meza nzima, akakubali palepale. Tulifurahi kwa siku mbili. Lakini kuhama mwajiri kulihitaji barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka hotelini, na hoteli ikakataa kuitoa. Si kwamba walimhitaji. Walimwambia ni utaratibu. Mtu wanayesema hafai kukaa kwao hata siku moja, wakamzuia asifae kwa mwingine. Nielezwe mantiki yake na yeyote aliyesoma sheria, maana mimi nimeshindwa.

Alipokuwa anafungasha, chumba chao Muaither kilijaa. Kwaya ilikuja, na kaka wa Tanga akaja na sinia la pilau alilopika mwenyewe. Kaka alikuwa mtulivu kuliko sisi. Alinipa kipimo chake cha chuma cha kumiminia, alichokuja nacho kutoka Kampala. Nilimwambia achukue, kitamfaa.

"Sitarudi kaunta, nyabo," alisema. "Nitafuga kuku. Kuku hawana meneja."

Walicheka wote. Mimi sikuweza.

Mimi walinihamishia kwenye kibanda cha bwawa la kuogelea, nje, mwezi wa joto kali ambao hata Wahindi wa bustani walipumzishwa mchana. Niliuza maji na juisi kwa watu waliolala chini ya miavuli mpaka mkataba wangu ukaisha. Mkataba wa kaka wa Tanga haukuongezwa. Alipata kazi ya udereva kwa familia moja ya Umm Salal, na alikuwa mwenye bahati kati yetu.

Na meneja wa vinywaji? Kampuni ilimhamishia hoteli yao nyingine, nchi jirani, akiwa amepanda cheo. Tuliitwa sote kwenye kantini kumuaga. Palikuwa na keki yenye jina lake, na niliambiwa niikate kwa kuwa nina mkono mzuri. Niliweka kisu mezani nikasema sitaikata. Meneja mkuu alinifuata kwenye korido.

"Mambo yale yamepita," alisema. "Wageni wote tumewaomba radhi. Kila aliyekuwa kwenye meza ile amepewa vocha ya mlo wa watu wawili."

"Na yeye?" niliuliza. "Yeye ameombwa radhi na nani?"

Alinitazama kama mtu ambaye kweli haoni swali liko wapi.

"Lakini ameshaondoka," alisema, akarudi ndani, ambako walikuwa wameanza kupiga makofi.